Ndege Haijui Bei ya Tiketi

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Ndege ya nauli nafuu haina sababu zaidi ya kuanguka kuliko ndege ya nauli kubwa. Amesema hayo leo saa nne na robo asubuhi mzee Valerian, fundi mstaafu wa ndege, miaka thelathini na mmoja kazini, akiwa zizini kwake Kirua Vunjo na ndoo ya maziwa mkononi. Nimeandika neno kwa neno. Nina chanzo!

Nilikihitaji. Mambo yako hivi. Kindness, mjukuu wa mama mkwe wangu, anaolewa Dar Jumamosi ijayo. Mama mkwe, Mama Aikaeli, ana miaka sabini na mitatu na goti ambalo daktari wa hospitali ya Mawenzi amelikataza safari ya basi. Kwa hiyo ndege. Hajawahi kupanda. Juzi ametangaza mbele ya familia nzima kwamba atakayemfikisha Dar salama ndiye atakayesema ukumbini kwa niaba ya nyumba yake. Wageni mia nne. Maikrofoni. Spika kubwa nne.

Mimi ni mwandishi wa habari wa Redio Mteremko, Moshi, mwaka wa ishirini na sita sasa. Nimesoma habari za mafuriko, za kahawa, za chanjo ya mifugo. Sijawahi kuuona uso wa msikilizaji hata mmoja akinisikiliza. Nafasi hii ni yangu.

Mpinzani: Rogath, mwanyumba wangu. Yeye kamwoa Pamela, mimi nimemwoa mdogo wake, Esther. Mwalimu mkuu mstaafu. Kila jambo analisema mara mbili, ya pili polepole. Anataka Mama aende na Tausi, shirika la siku nyingi, lenye chai, kikeki na kilo ishirini na tatu za mzigo. Mimi jana niliandika kwenye kundi la familia kwamba Korongo, shirika jipya la nauli nafuu, ni salama sawasawa na Tausi. Niliandika kabla ya kuuliza mtu yeyote. Mwandishi mzoefu huanza na kichwa cha habari.

Rogath akajibu kwamba Korongo ni ndege ya kusukuma. Abiria wa viti vya nyuma wanashuka kwanza, wanasukuma, halafu wanaidandia. Watu kumi na tisa walicheka. Nimewahesabu. Esther yumo.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada, kikao nyumbani kwa Mama. Nilikuja na karatasi moja, safu mbili, Korongo na Tausi. Nilisoma kwa sauti ya taarifa ya saa mbili.

Hoja za Valerian, kwa ufupi. Shirika la nauli nafuu linabana chai. Linabana nafasi ya magoti. Linabana muda wa ndege kukaa chini, maana ndege iliyokaa haiingizi kitu. Bolti halibani. Mkaguzi wa serikali ni yule yule, kitabu cha matengenezo ni kile kile, rubani anapimwa macho yale yale. Ndege haijui bei ya tiketi. Mwenye akili haulizi nauli, anauliza nani anaikagua. Shirika la kuogopwa ni lile lisilotaka kukaguliwa, liwe ghali au rahisi. Alinionyesha ng'ombe wake wanne, kila mmoja na daftari lake la chanjo. Akasema hata maziwa ni hivyo hivyo.

Rogath akasimama. Akasema Tausi ina uzoefu, kama mwalimu wa zamani. Akarudia. Nikamjibu kwamba umri wa shirika si umri wa ndege, na kwamba mwalimu wa zamani naye hustaafishwa. Pamela akacheka, akajifanya anakohoa.

Mama Aikaeli alikuwa anamenya ndizi muda wote huo. Akauliza maswali mawili tu. La kwanza, rubani mwenyewe anapanda? Nikathibitisha kwamba anapanda. Akasema basi hatampeleka mahali asikotaka kwenda yeye. La pili, kama abiria hawapewi chai, rubani je, anapewa? Nikampigia Valerian pale pale. Jibu: rubani anakula, tena marubani wawili hula vyakula tofauti, ili mmoja akiharibikiwa tumbo mwingine aendeshe.

Mama aliweka kisu chini. Akasema hiyo ni nyumba yenye akili.

Rogath akadakia kwamba hata Tausi wanafanya hivyo hivyo. Nikamshukuru. Ndicho nilichokuwa nasema tangu jana!

Uamuzi: Korongo, Ijumaa tarehe 15, saa tano asubuhi. Viti viwili. Mimi na Mama. Nimeanza hotuba.

Jumatatu, 11 Agosti

Pigo. Mama kakumbuka mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mjukuu haolewi bila kunywa funda la kwanza la mbege ya nyumbani kutoka mkononi mwa bibi yake. Mbege ya Dar haihesabiki. Korongo inaruhusu begi moja la mkononi, kilo saba, basi. Mzigo wa ziada unaagizwa mapema na unalipiwa, na mimi niliwaambia wote kwamba kwa Korongo hakuna gharama nyingine yoyote. Nililisema mbele ya mashahidi.

Rogath, bila kuombwa, akajitolea. Yeye, Pamela na Esther wanaondoka na basi Alhamisi. Atabeba galoni la lita ishirini miguuni pake, mdomo umezibwa kwa majani ya mgomba, kama baba zetu walivyobeba. Mama akamwita mwanangu. Halafu akanigeukia. Akasema, "Wewe, Eliufoo, nibebe mimi tu. Mikono mitupu."

Nilikubali kwa mdomo.

Tukiwa tunatoka nje Rogath akaniambia kwamba kinywaji cha baraka na neno la baraka havitenganishwi. Akarudia polepole. Nimeelewa vizuri sana. Anataka afike ukumbini na galoni, asimame karibu na maikrofoni, watu wadhani ndiye.

Hafiki peke yake na mbege. Nami nitafika nayo.

Jumatano, 13 Agosti

Utafiti umekamilika. Kanuni za Korongo, kurasa kumi na mbili, nimezisoma zote. Begi linapimwa. Mtu hapimwi. Kilicho mwilini mwa mtu ni mtu.

Nikapiga simu kwao kupata uthibitisho. Nikauliza kama kuna kikomo cha uzito wa mavazi. Dada akauliza mavazi gani. Nikasema ya kawaida, lakini mengi. Akauliza kama ninaumwa. Nikasema hapana, natoka mlimani. Akasema abiria anaruhusiwa kuvaa koti. Nimeandika jina lake na saa.

Mathew, jirani yetu, mpagazi zamani na sasa kiongozi wa watalii, kaniazima koti lake la kupandia Kibo. Mifuko tisa! Minne nje, mitano ndani. Kila mmoja unameza chupa ya maji ya nusu lita. Chupa nane, lita nne. Mfuko wa tisa ni wa kinasa sauti na waya wa maikrofoni, kwa ajili ya kuirekodi hotuba yangu.

Mathew aliuliza koti linaenda wapi. Nikasema Dar. Akasema Dar kuna joto, mbe. Nikamwambia nalijua hilo, mimi ni mwandishi.

Alhamisi, 14 Agosti

Basi limeondoka na Rogath, galoni, Pamela, mke wangu. Rogath alipunga mkono mara mbili.

Nimenunua mbege kwa Mama Dominika, anayepika kwa ajili ya ubatizo. Ilichanganywa na kimea cha ulezi jana tu, bado inasema shii shii. Alitaka kunizibia chupa kwa majani. Akaonya nisizifunge vizibo, mbege changa inapumua kama mtoto. Nilimshukuru kwa maoni yake. Lakini kanuni ya Korongo, ukurasa wa saba, inasema chombo cha abiria kisivuje. Majani yanavuja. Kati ya Mama Dominika na ukurasa wa saba, nimefuata maandishi.

Nimekaza vizibo vyote. Juu yake nimezungusha tepu nyeusi ya fundi umeme, mizunguko sita kila chupa. Nimegeuza chupa juu chini dakika kumi. Hata tone. Usalama kwanza.

Nimelijaribu koti. Mbele ya kioo ninaonekana mtu wa heshima, mnene kidogo. Kukaa ni kugumu. Nitasimama.

Hotuba ina dakika ishirini na mbili. Nimekata shairi.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika nikiwa nyumbani. Nitataja yaliyotokea kwa mpangilio, bila hisia.

Saa moja asubuhi, Kirua. Baridi, ukungu mpaka mlangoni. Koti linafaa. Mama Aikaeli kavaa kitenge cha harusi, kashika mkoba na ile karatasi yangu ya safu mbili. Alisema ataisoma huko juu.

Saa tatu, uwanja wa ndege, KIA. Jua. Mama akanitazama, akauliza kama nimevimba. Nikasema ni baridi. Akasema baridi tumeiacha Himo.

Saa tatu na dakika hamsini, kaunta ya Korongo. Begi langu: kilo sita na nusu. Limepita! La Mama: kilo nne. Limepita! Dada wa kaunta akanitakia safari njema na akaniuliza kama nahitaji maji, maana natokwa jasho. Nilikataa maji. Nilikuwa na lita nne.

Saa nne na dakika tano, mashine ya eksirei. Mama akapita mbele, akakaa upande wa pili akiningoja. Afisa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, akaniambia, "Mzee, vua koti, liweke kwenye mkanda."

Jambo hili halikuwa katika kurasa kumi na mbili.

Nililivua. Likaingia. Mkanda ukasimama. Nikachungulia skrini, kwa mazoea ya kazi. Nitakuwa mkweli: ilikuwa picha mbaya. Vitu vinane vya mviringo, vimepangwa safu mbili, vimefungwa tepu. Pembeni, kifaa chenye betri. Kutoka kwenye kifaa, waya.

Afisa aliuliza ni nini. Nilijibu kwamba ni baraka.

Nikitafakari sasa, neno jingine lingefaa zaidi.

Abiria wote walisogezwa mwisho wa ukumbi kwa muda wa dakika mbili tu. Kazi nzuri, nidhamu ya hali ya juu, nitaitaja redioni. Niliambiwa nisogee mbali na koti na nisiguse kitu. Nilikuwa nawaeleza maafisa wawili kwamba mimi mwenyewe nimefanya utafiti kuhusu usalama wa anga wiki nzima, ndipo chupa ya tatu kutoka kushoto ikapasuka.

Mlio mmoja, mkubwa, wenye povu. Watu walilala chini. Mimi nilibaki wima, mtulivu. Nikaamriwa kulala. Nikalala. Ikapasuka ya pili. Ya tatu na ya nne zilikwenda pamoja.

Kisha harufu. Ndizi mbivu na ulezi, uwanja mzima. Yule afisa mrefu akainua kichwa. Akanusa. Kumbe ni Mchagga wa Rombo! Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Hii ni mbege." Akanusa tena. "Tena ni changa. Nani amefunga kizibo mbege changa?"

Waliocheka, kwa kusikia tu maana nilikuwa nimelala kifudifudi, hawakupungua kumi na mmoja.

Walimfuata Mama Aikaeli, wakamuuliza kama ananifahamu. Alijibu kwamba mimi ni mume wa binti yake, lakini hilo koti halijui. Akauliza kama rubani amekwisha kula. Akaambiwa amekula. Akasema basi yeye anapanda.

Akapanda. Hakugeuka nyuma.

Korongo iliruka saa tano na dakika kumi na tisa, dakika kumi na tisa nyuma ya ratiba. Chanzo cha kuchelewa: mimi. Niliisikia ikipita juu ya ofisi nilimokuwa naandika maelezo. Niliandika kurasa nne. Afisa akaomba moja. Akauliza kwa nini nimejiita chanzo cha kuaminika. Nikamwonyesha kitambulisho cha redio. Akasema yeye na mama yake husikiliza kituo kingine.

Nimeachiliwa saa kumi jioni na onyo la maandishi. Koti limebaki. Basi la mwisho la Dar limeondoka.

Kwa rekodi. Matukio ya usalama ya Korongo leo: moja. Yaliyosababishwa na ndege: hakuna. Hoja yangu haijatikisika hata kidogo.

Jumamosi, 16 Agosti

Niliamka saa kumi na moja nikawahi basi la kwanza. Esther akapiga kabla sijapanda. Akasema nisije. Nitafika watu wanakunja viti, na habari ya uwanjani imefika kabla yangu. Kuna video. Ninaonekana miguu.

Kapiga tena jioni kutoka ukumbini. Nimeandika kila kitu.

Mama alitua Dar salama. Alisema ndege ilitulia kuliko gari la Rogath. Mbege ya Rogath ilifika nzima, majani mdomoni. Kindness akapewa funda lake, akalia, watu wakapiga vigelegele. Hapo Rogath akakohoa, akarekebisha tai, akatoa karatasi sita mfukoni. Akaelekea kwenye maikrofoni.

Mama Aikaeli akamwambia akae.

Akasema yeye halibadilishi neno lake. Alisema atakayemfikisha ndiye atakayesema. Rogath kafikisha galoni. Eliufoo kafikisha koti, tena eksirei. Aliyemfikisha yeye ni huyu. Akamsimamisha mtu aliyekuwa amekaa meza ya nyuma na sahani yake ya ndizi nyama.

Huyu ni Thadeus, mkulima wa mpunga, Chekereni. Kiti cha 14C, jirani na cha Mama. Naye ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Ilipoinuka walishikana mikono, kila mmoja akimwambia mwenzake asiogope. Walipozoea wakaisoma karatasi yangu pamoja, mpaka mwisho. Mama akamwalika harusini kabla hawajatua.

Kasema dakika nne. Esther anasema ukumbi ulisimama. Alianza hivi: "Ndege haijui bei ya tiketi. Nanyi watoto, msiulize harusi hii imegharimu nini. Ulizeni ndoa yenu itakaguliwa na nani." Akawaonyesha kwa kidole bibi yao.

Maneno yetu! Yangu na ya Valerian! Mbele ya watu mia nne, kwa spika nne! Jina langu halikutajwa, lakini mwandishi wa kweli hajali jina.

Nilimuuliza Esther mara tatu kama kuna mtu alinitaja. Akasema ndiyo, mshereheshaji, alipowaomba wageni wavue makoti.

La muhimu: Rogath hakusema. Karatasi sita, hata mstari. Nalala mapema, nikiwa na amani.

Jumapili, 17 Agosti

Nimempigia Mama Aikaeli baada ya ibada. Nilimwamkia, akaitika marahaba fupi, lakini kaitika. Nikaomba radhi. Akasema radhi haiombwi kwa simu, kuna jani lake. Kweli. Nitakata isale, lile linaloota mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani kwake mwenyewe. Mchagga anayeletewa isale hakatai kusamehe. Hilo halina mjadala, wala halihitaji chanzo cha pili.

Anarudi Jumanne na Korongo. Kachagua mwenyewe. Alipoulizwa kuhusu Tausi akasema kikeki anaweza kupika.

Habari kubwa: Jumamosi tarehe 23 maharusi wanakuja Kirua kukaribishwa nyumbani. Ndugu wote, turubai, maikrofoni. Nilimuuliza Mama nani atasema. Alisema tutaona. Katika kazi yetu hiyo ni ndiyo.

Nimekaa nikapima makosa ya Ijumaa bila upendeleo. Yote ni ya plastiki. Plastiki ni dhaifu, inavimba. Leo mchana nimenunua termosi ya chuma ya lita mbili, kizibo cha kukaza chenye mpira, haipitishi hata pumzi. Mama Dominika kanijazia mbege aliyoichanganya asubuhi hii. Akaanza tena habari ya majani. Nikamwambia mechi ya jana haichezwi leo: hiki ni chuma. Tepu nimezungusha mara kumi na mbili.

Jumanne Mama atatoka mlango wa KIA, mkono mmoja nitampa isale, mwingine kikombe cha mbege ya nyumbani. Nani tena atasema Jumamosi?

Rogath anarudi kesho na ndiye atakayeendesha kwenda kumpokea Mama, gari lake, viti amevivisha kitambaa cheupe kwa ajili ya harusi. Hajui kuhusu termosi. Nitaiweka kwenye dashibodi, ikae wima. Ndege inatua KIA Jumanne tarehe 19, saa kumi na dakika arobaini jioni. Nimemwambia tuwe tumeegesha saa saba mchana, tusichelewe.